Mama Mjamzito Anapotapika Kupita Kiasi

Karibu wote tumewahi kumwona mama mwenye mimba changa akitapika asubuhi. Nasi husema, "Ni mimba tu, itapita." Mara nyingi hupita kweli, mimba ikifika mwezi wa nne au wa tano. Lakini mwezi huu tungependa kuzungumzia akina mama wachache, kama 1 hadi 3 katika kila wajawazito 100, ambao kutapika kwao huzidi kiasi. Chakula hakikai tumboni, wala maji. Hukonda, na mkojo wao huwa kidogo na wenye rangi nzito. Hao ni wagonjwa, na mahali pao ni hospitali.

Hatari ya kuishiwa maji wengi tunaifahamu. Ipo hatari nyingine isiyojulikana sana: kuumia kwa ubongo kwa sababu ya kukosa vitamini B1.

AKIBA YA WIKI CHACHE

Vitamini B1, iitwayo pia thayamini, huusaidia mwili kugeuza chakula kuwa nguvu. Bila hiyo ubongo na mishipa ya fahamu haiwezi kufanya kazi. Mwili hauna ghala kubwa la kuiweka. Akiba yake hutosha wiki mbili au tatu hivi, na mjamzito huitumia kwa wingi zaidi. Basi mama anayetapika kila alacho kwa wiki kadhaa anaweza kuishiwa kabisa.

Mwaka 1881 daktari Mjerumani, Carl Wernicke, alieleza habari za wagonjwa watatu. Wawili walikuwa wanaume walevi. Wa tatu alikuwa mwanamke kijana, mshonaji, ambaye baada ya kunywa tindikali alitapika mfululizo. Macho yao yalishindwa kutembea sawasawa, walipepesuka, akili zikavurugika, na wote watatu walikufa. Wakati huo vitamini zilikuwa hazijajulikana. Leo sababu inajulikana na dawa ipo, tena si ya bei kubwa.

DALILI ZA HATARI

Mama aliyetapika kwa muda mrefu apelekwe hospitali siku hiyo hiyo akionyesha hata moja kati ya hizi:

1. Anaona vitu viwili viwili, au macho yanachezacheza.
2. Anapepesuka kama mlevi, au hawezi kusimama.
3. Anachanganyikiwa, anasahau, au analala tu.
4. Miguu inakufa ganzi au inaishiwa nguvu.

Nyumbani tunaweza kudhani ni malaria iliyopanda kichwani, au kwamba mama amerogwa. Wengine watasema ni kifafa cha mimba. Lakini hicho kwa kawaida huja baada ya mwezi wa tano, pamoja na shinikizo la damu. Siku zinazopotea katika kubahatisha ndizo zinazoharibu ubongo. Akichelewa, mama anaweza kufa, au akapona huku kumbukumbu zake zimepotea.

DRIPU YA SUKARI

Mtu akiishiwa nguvu, wengi wetu huomba awekewe dripu. Ni vizuri, lakini tuwe waangalifu. Dripu ya glukosi, yaani maji ya sukari, huufanya mwili utumie ile B1 kidogo iliyobaki, na ugonjwa unaweza kulipuka. Kwa hiyo mama wa namna hii apewe sindano ya B1 kabla ya glukosi au pamoja nayo. Ndugu anayemsindikiza aseme wazi: "Daktari, mama huyu ametapika wiki tatu. Je, amepata vitamini B1?" Kuuliza hivyo si kukosa adabu.

KWETU KARATU NA NGORONGORO

Anayetoka Endulen au Kakesio kwenda Karatu hupanda hadi ukingo wa kreta ndipo ateremke, na wakati wa mvua safari hiyo si ya mchezo. Ndiyo maana tusingoje dalili zile. Mama asiyeweza kushika chakula wala maji kwa siku nzima apelekwe mapema kwenye zahanati au hospitali iliyo karibu.

Kuhusu chakula, unga wa dona una B1 nyingi kuliko sembe, kwa sababu vitamini hiyo hukaa kwenye pumba na kiini cha mahindi. Maharage, mbaazi na karanga pia zinayo. Kwa Wamaasai ipo desturi ya zamani ya mjamzito kupunguza chakula ili mtoto asiwe mkubwa. Tunawaomba akina bibi waitazame upya, kwa maana humwacha mama bila akiba. Hata hivyo, kwa anayetapika kila kitu, chakula peke yake hakitamwokoa; anahitaji sindano.

Akina baba na akina mama wakwe, ninyi ndio mnaokaa naye. Hesabuni siku tangu alipoanza kutapika, na mkifika hospitali, itajeni hesabu hiyo kwanza.