Wa Chini Naye Ana Haki Yake: Kuchagua Kambare wa Tangi la Nyumbani

Katika sebule yetu pana tangi la kioo lenye urefu wa sentimita 60, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 30. Likijaa hadi ukingoni huchukua lita 54, yaani ndoo tatu za lita 20 kasoro kidogo. Tulilinunua kwa ajili ya wajukuu, likizo moja ya shule, tukatia ndani samaki wadogo wa rangi mbalimbali waitwao gapi. Muuzaji akatuonyesha na samaki mwingine, mweusi mwenye madoa, mwenye urefu wa kidole, mdomo wake umegandana na kioo mfano wa chaza mwambani. Akatuambia, "Sheikh, chukua na huyu. Atakula uchafu wote, wala huhitaji kumlisha." Tukamchukua.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi mgeni huyu tulimpa jembe tangu saa ya kwanza, na chakula hatukumpa.

Miezi ya mwanzo mambo yalionekana mema. Mwani wa kijani uliokuwa ukiota kwenye kioo ulitoweka, naye samaki akakua hata akapita kiganja cha mtu mzima. Kisha kioo kikawa safi kabisa, na sisi hatukujiuliza anakula nini. Aliyejiuliza ni mama watoto wetu. Jioni moja aliwatazama gapi wakigombea chakula juu ya maji, akasema, "Hawa wa juu wamaliza kila kitu. Yule wa chini apata nini?" Tukamjibu, kwa uhakika wa mtu asiyejua, kwamba huyo hula uchafu. Wiki chache baadaye tumbo lake lilikuwa limebonyea, na asubuhi moja tukamkuta amelala ubavu. Mjukuu wetu wa miaka minane alisimama mbele ya kioo kitambo kirefu, kisha akauliza, "Babu, amekufa kwa njaa?"

Siku zile zile tulikuwa tukiwasomesha watoto wa madrasa ile Hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Alimfungia, hakumlisha, wala hakumwacha atoke ajitafutie. Hatukuwa na jibu la kumpa mtoto ila ndiyo.

Tangu hapo tumesoma, tumewauliza wafugaji wenye uzoefu, na tumejaribu tena kwa hadhari. Tunaandika haya kwa sababu tangi la samaki limekuwa pambo la nyumba nyingi za mwambao, na katika nyingi tulizozitembelea tumemkuta samaki wa chini katika hali ile ile ya samaki wetu.

Hakuna samaki mfagizi

Kambare ni ukoo mkubwa sana. Wataalamu wamekwisha kutaja aina zaidi ya 3,000 duniani, wa mito, maziwa na bahari. Wengi wao hukaa chini, hupapasa kwa sharubu zao, na hutoka kutafuta chakula giza linapoingia. Kwa kuwa huonekana wakichokorachokora mchangani, watu wamedhani kuwa wameumbwa kula taka za wenzao. Sivyo. Kambare hali kinyesi cha samaki wengine, na yeye mwenyewe hutoa kinyesi chake. Kila kambare unayemwongeza huongeza uchafu wa tangi, hapunguzi.

Wasafishaji wa kweli hawaonekani kwa macho. Ni bakteria wanaoishi katika kichujio na mchangani. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria hao huigeuza kuwa nitriti, nayo ni sumu pia, kisha kuwa nitrati isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Bakteria hawa huchukua takriban wiki nne hadi sita kuzaana vya kutosha katika tangi jipya. Ndiyo maana kununua tangi na kulijaza samaki siku hiyo hiyo, kama tulivyofanya sisi, ni kosa. Kazi iliyobaki ni ya mwenye nyumba: kubadilisha robo ya maji kila wiki, na kukamua sponji ya kichujio ndani ya maji yaliyotolewa tangini. Ukiiosha kwa maji ya mfereji, klorini itawaua bakteria hao.

Kwa hiyo swali la kuuliza dukani si "Nani atanisafishia?" Swali ni "Nani ataweza kuishi vyema mahali hapa nilipo napo?"

Anayefaa tangi dogo

Kwa tangi la kadiri ya letu, lenye samaki wapole wa aina tofauti, anayefaa kuliko wote ni koridorasi. Asili yake ni mito ya Amerika ya Kusini. Ni mfupi wa kimo, mpole, na badala ya magamba ana safu mbili za vibamba vigumu kila ubavu. Aina nyingi zinazouzwa hazipiti sentimita 7. Kuna wa shaba, ambaye ni mgumu na hupatikana kwa wepesi. Kuna wa madoa ya kijivu na meusi, kuna panda mwenye doa jeusi machoni, na kuna kibete ambaye hazidi sentimita 3 na ambaye hupenda pia kuelea katikati ya maji.

Hapa kwetu Pwani pana jambo ambalo vitabu vya nchi za baridi havilitilii mkazo. Vitabu hivyo humfundisha mfugaji kuyapasha maji moto, ilhali taabu yetu sisi ni kuyapoza. Koridorasi wa madoa na panda hupenda maji ya nyuzi 20 hadi 25 hivi. Wakati wa kaskazi, chumba cha Mombasa, Malindi au Lamu hupita kiwango hicho mchana na usiku, na kadiri maji yanavyopata joto ndivyo hewa ndani yake inavyopungua. Aliye Limuru anaweza kumfuga panda bila wasiwasi, lakini aliye Old Town atamtesa. Kwa mwambao afadhali achaguliwe koridorasi wa Sterba, aliyepewa jina la Günther Sterba, mtaalamu wa Ujerumani. Ana vidoa vyeupe kichwani na mapezi ya kifuani yenye rangi ya chungwa, na huvumilia hata nyuzi 28. Wa shaba naye hustahimili kuliko panda. Pamoja na hayo, nunua pimajoto, weka tangi mbali na dirisha lenye jua, na siku za joto kali elekeza feni ndogo juu ya uso wa maji huku umefunika kwa wavu. Mvuke unaotoka hupunguza joto.

Koridorasi huishi kwa jamaa. Mmoja peke yake hujificha na kunyong'onyea. Wawili si jamaa. Watie sita au zaidi wa aina moja. Tangi la lita 54 likiwa na sita hao na gapi wachache, limetosha. Usiongeze.

Wapo wawili wengine wanaostahili kutajwa. Wa kwanza ni pleko mdogo mwenye vishungi puani, aitwaye ansistrasi. Huishia sentimita 12 au 13, hutaka kipande cha gogo cha kukwangua, na hupenda tango na mchicha uliochemshwa kidogo. Huyu anataka tangi kubwa kuliko letu, naye huwa mmoja tu. Wa pili ni otosinklo, mwenye sentimita 4, ambaye kweli hula mwani. Usimtie katika tangi jipya lisilo na mwani, maana atakufa kwa njaa kama alivyokufa wetu.

Wasiofaa, hata wakiwa wadogo dukani

Samaki wetu wa kwanza alikuwa pleko wa kawaida. Dukani ana urefu wa kidole. Akikua hupita sentimita 30, yaani upana mzima wa tangi letu. Angeishi hata asingeweza kugeuka. Kambare wa mkia mwekundu wa Amazoni naye huuzwa angali mdogo, kisha hupita mita moja. Piktasi, mwenye rangi ya fedha na sharubu ndefu, humeza samaki wadogo usiku, na asubuhi watoto huhesabu gapi wakakuta wamepungua.

Wa karibu nasi pia hawafai. Kambare wa mabwawa, yule afugwaye sana nchini Kenya kwa kitoweo, hukua hata kupita mita moja na hula wenzake. Kambare wa baharini mwenye milia, ambaye makinda yake hujikusanya kama mpira kwenye miamba, ni wa maji ya chumvi, na miiba yake ina sumu yenye maumivu makali. Waambieni vijana wanaovua wakati maji yametoka wasimshike, wala wasimlete nyumbani. Yuko pia kambare wa bonde la Kongo anayeogelea tumbo juu, ambaye tumbo lake ni jeusi kuliko mgongo. Huyo ni kiumbe wa ajabu na mpole, ila anahitaji tangi kubwa na wenzake kadhaa.

Na ikiwa umekwisha kumnunua asiyefaa, usimtupe mtoni wala kisimani. Pleko waliotupwa na wafugaji huko Florida na Mexico wamezaana, wakachimba kingo za mito na kuwasumbua samaki wa asili. Mrudishe kwa muuzaji au mpe mwenye tangi kubwa. Sabaki na Tana pia ni amana.

Kitanda, maji na chakula

Sharubu za koridorasi ndizo vidole vyake. Huchovya pua mchangani, huchuja chakula, na mchanga hutoka matamvuani. Mwekee mchanga laini wa mto uliooshwa hata maji yakatoka safi. Kokoto zenye ncha humkwaruza sharubu hata zikaoza. Usichukue mchanga wa pwani, kwa kuwa una chumvi na chembe za kombe zinazobadilisha maji. Visima vingi vya mwambao vina maji ya chumvichumvi, nayo hayamfai. Tumia maji ya mfereji yaliyotiwa dawa ya kuondoa klorini.

Usishtuke ukimwona akiruka ghafla hadi juu na kurudi chini. Koridorasi humeza hewa, nayo hufyonzwa na utumbo wake. Kwa hiyo acha nafasi baina ya maji na kifuniko. Lakini wakiruka wote mara kwa mara, pima maji na joto, kwa sababu huenda hewa imepungua. Na unapowahamisha, tumia kikombe kipana badala ya wavu, kwani wana miiba mapezini inayonasa na kuchoma.

Chakula chao ni vidonge vinavyozama, pamoja na minyoo midogo iliyogandishwa mara moja au mbili kwa wiki. Walisheni baada ya kuzima taa, wa juu wakiwa wametulia. Tazameni matumbo yao: yakiwa ya mviringo wanashiba, yakibonyea kuna dhuluma inayoendelea.

Faida kwa watoto

Yupo atakayeuliza kama haifai kuacha mambo haya kabisa. Hatuoni hivyo. Katika Hadithi ya Anas, Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alimkuta mtoto mdogo, Abu Umayr, akihuzunikia kindege chake kilichokufa, naye akamtania kwa upole ili kumliwaza. Wanavyuoni wameichukua kuwa dalili ya ruhusa ya mtoto kuwa na kiumbe wa kumfurahisha, maadamu hateswi. Ruhusa imekuja na sharti, na sharti hilo ndilo somo.

Leo tangini mwetu mna koridorasi sita wa Sterba. Baada ya Isha mjukuu huzima taa, huhesabu vidonge vitatu, huvitia, kisha hukaa gizani akisikiliza pampu ya hewa. Mama watoto wetu, akiwa jikoni, humwuliza kila usiku swali moja: "Wa chini wamekula?" Siku moja tulimsikia mtoto akilirudia swali hilo mezani, tulipokuwa tukipakua, akimkusudia msichana anayetusaidia kazi za nyumbani, ambaye kwa mazoea yetu mabaya alikuwa akila mwisho, kilichobaki. Tulinyamaza sote. Kisha tukamwita, akapakuliwa pamoja nasi, na hivyo ndivyo tunavyokula sasa.

Yule pleko wa kwanza tulimzika chini ya mlimau uani. Hatumrudishi, ila tunamwomba Mola atusamehe, na atujaalie tusiwapuuze walio chini ya mikono yetu. Wabillahi tawfiq.