Mita Moja ya Kyela

Ukisimama ufukweni Matema, kwenye Ziwa Nyasa, Milima ya Livingstone imekuinamia mashariki, na magharibi tambarare ya Kyela imetandazwa kama mkeka, ikikatwa na mito Mbaka, Kiwira na Songwe. Masika yakikolea, tofauti ya mita moja hutosha kuamua shamba lipi la mpunga lizame na lipi lisalimike.

Mwinuko wa nchi hii ulipimwa kutoka angani. Februari 2000, chombo cha anga Endeavour kiliizunguka dunia kwa siku 11 kikiipiga rada. Vipimo vyake huhifadhiwa kama picha ya kijivu ya biti 16, ambamo kila piseli ni idadi ya mita juu ya usawa wa bahari. Biti 16 zina nafasi 65,536. Picha za kawaida zina biti 8 tu, yaani viwango 256 kutoka weusi hadi weupe. Ili vipimo vya rada vionekane kama picha ya kawaida, lazima viwango vipunguzwe, na katika kupunguza huko ndipo Kyela hupotea.

Njia ya mkato ni kugawanya kila namba kwa 256 na kutupa baki. Ziwa Nyasa, lililo kwenye mita 474 hivi, linapata 1. Kilele cha Mlima Rungwe, mita 2,960 hivi, kinapata 11. Picha nzima ni giza, na chochote kati ya mita 256 na 511 kina rangi ileile.

Njia ya pili ni kuinyoosha: ziwa liwe 0, kilele kiwe 255. Milima inapendeza, ila kila kiwango kinabeba karibu mita 10. Ni sawa na kupima mchele kwa debe tu: vibaba havihesabiki, na mafuriko ya mita mbili hayaonekani.

Njia ya tatu ni kuchagua dirisha: mita 474 iwe 0, mita 729 iwe 255. Kila mita inapata rangi yake. Gharama yake ni kwamba kilicho juu ya 729 chote kinakuwa cheupe, Rungwe ikiwemo. Wala dirisha halirekebishi makosa ya rada, ambayo hufika mita kadhaa, hasa penye miti. Linahifadhi tu kilichopimwa.

Kwa hiyo, kabla ya kubana picha, jiulize unatafuta mlima au maji. Kisha litunze faili la biti 16 bila kuligusa, maana viwango vikishaunganishwa havitenganishiki tena.