Trekta Halinyanyui Jembe? Anzeni na Mafuta, Msianze na Pampu



Mvua za Septemba zikikaribia, hapa kusini-magharibi mwa Uganda kila kikundi cha wakulima kinatafuta trekta la kukodi. Shamba ambalo familia inalilima kwa jembe la mkono siku nyingi, trekta dogo linalimaliza kwa saa chache tu. Lakini trekta likikataa kunyanyua jembe, kazi imekwisha. Dereva atageuzaje mwisho wa mstari na jembe liko ndani ya udongo? Na mbegu ikichelewa kuingia ardhini, mvua inaweza kukatika kabla maharage hayajajaza. Hapo ndipo watoto wanalala bila kushiba.

Kwa hiyo mwezi huu tunaeleza ugonjwa huo wa trekta na namna ya kuutafuta kwa utaratibu.

NGUVU INATOKA WAPI?

Zamani jembe lilikokotwa nyuma ya trekta kama gari la ng'ombe. Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini, ndiye aliyelifunga kwenye trekta kwa pointi tatu na kulinyanyua kwa nguvu ya mafuta. Trekta lake la TE20 lilitengenezwa Uingereza kuanzia 1946 hadi 1956, zaidi ya 500,000. Matrekta madogo ya leo bado yanafuata mpango huo.

Injini inazungusha pampu. Pampu inavuta mafuta, mara nyingi yale yale yaliyo ndani ya giaboksi, yanapita kwenye filta, kisha inayasukuma hadi kwenye valvu. Dereva akivuta leva, valvu inafungua njia, mafuta yanaingia kwenye silinda na kusukuma pistoni. Pistoni inazungusha shafti, na shafti inanyanyua mikono miwili iliyoshika jembe.

Wanafunzi wafanye hesabu hii: pistoni yenye upana wa sentimita 8 ina eneo la karibu sentimita za mraba 50. Mafuta yakisukuma kwa kilo 150 kwa kila sentimita ya mraba, 50 mara 150 ni kilo 7,500! Kwenye ncha za mikono nguvu hiyo inapungua sana kwa sababu ya urefu wake, lakini inatosha kunyanyua jembe. Sasa, kama mafuta ni machache au yamechanganyika na hewa, hesabu yote inavunjika.

KISA CHA KIKUNDI KIMOJA

Mwaka jana trekta lililokodiwa na kikundi kimoja cha hapa kwetu lilisimama siku nane. Fundi aliyeitwa kutoka mjini hakugusa hata kijiti cha kupimia mafuta. Alisikiliza kelele, akasema pampu imekufa, inunuliwe mpya. Akina mama walianza kuchanga pesa, wengine wakitaka kuuza mahindi ya akiba. Mzee mmoja aliyeendesha matrekta miaka mingi kule Kongo akawaambia, "Wanangu, ngojeni kwanza tuangalie mafuta." Kumbe mafuta yalikuwa chini ya alama na filta imejaa tope. Walinunua filta na kuongeza mafuta, jembe likanyanyuka. Akiba ya mahindi ikabaki ndani.

KAGUENI KWA MPANGILIO HUU

1. Kiasi cha mafuta. Simamisheni trekta mahali tambarare, shusheni mikono, zimeni injini, halafu pimeni. Mikono ikiwa juu, mafuta mengine yako ndani ya silinda na mtadanganyika. Ongezeni aina iliyoandikwa kwenye kitabu cha trekta. Msitie kabisa mafuta ya breki, yanaharibu sili za mpira.

2. Rangi ya mafuta. Yakiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia: yamwageni yote na kutia mapya. Yakiwa na povu, pampu inavuta hewa. Angalieni bomba la kuvutia mafuta, kama limelegea au mpira wake umepasuka.

3. Filta. Pampu ikilia kama inasaga mchanga na mikono inapanda polepole, filta inaweza kuwa imeziba. Ni kifaa cha bei ndogo kuliko pampu. Mkishabadilisha, washeni injini polepole, pandisheni na kushusha mikono mara kadhaa ili hewa itoke, kisha pimeni mafuta tena.

4. Leva na vyuma vyake. Pini ikichomoka, leva inacheza lakini valvu haisikii. Matrekta mengi yana pia kitasa chini ya kiti cha kupunguza kasi ya kushuka. Kikifungwa kabisa, mikono haishuki. Na kwenye trekta la zamani kama TE20, pampu haizunguki mpaka leva ya PTO iingizwe.

5. Mzigo. Mikono ikipanda bila jembe lakini ikashindwa na jembe, kwanza ulizeni: jembe hili si zito kupita trekta? Kama ni la kawaida, basi valvu ya kupunguza presha imelegea, au pampu imechoka, au sili ya pistoni inavuja.

6. Kudundadunda. Jembe likiwa juu na injini inawaka, likashuka kidogo, likapanda, likashuka tena, mafuta yanavuja kwa ndani, kwenye silinda au valvu. Hapo mwiteni fundi, na mumweleze yote mliyokwisha kuangalia. Fundi akijua mmepima, hatakimbilia kuwauzia pampu.

Trekta likiwa na vifaa vingine vinavyotumia pampu hiyo hiyo, vijaribuni. Vikifanya kazi vizuri, pampu huenda ni nzima, tafuteni shida kwenye valvu au silinda ya mikono.

MIGUU NA VIDOLE HAVINA SPEA

Tunasema hili kwa nguvu kwa sababu tumeliona. Kijana mmoja aliingia chini ya jembe lililonyanyuliwa ili aone mafuta yanapotokea. Mwenzake akamvuta mguu kwa kumgombeza. Hazikupita dakika nyingi, jembe likashuka lenyewe chini. Jembe linaloshikiliwa na mafuta peke yake halijashikiliwa. Lishusheni ardhini, au liwekeeni magogo imara kabla mtu hajaingia.

Pia msitafute tundu la kuvuja kwa kidole. Mafuta yenye presha yanatoboa ngozi kama sindano. Kidonda kinaonekana kidogo, lakini ndani nyama inaharibika na mkono unaweza kukatwa. Tumieni kipande cha karatasi ngumu. Mtu akichomwa, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama hasikii maumivu.

Wazazi, watoto wasicheze karibu na trekta, hata likiwa limezimwa. Viongozi wa vikundi, kabla ya kulipa pesa ya kukodi, mwambieni dereva anyanyue jembe mbele yenu na alishike juu dakika tano. Likibaki pale pale, twendeni shambani.

Tunawatakia msimu mwema.