Ukuta Mmoja, Rangi Nyingi

Je, wajua kwamba ukuta mweupe unaweza kutoka kijivu, hata karibu mweusi, kwenye picha bila kupakwa rangi wala kufunikwa kwa pazia? Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali: umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unaofika ni robo, ukiongezeka mara nne, inabaki sehemu 1 ya 16. Taa ikiwa mita 1 kutoka usoni kwa mteja, na ukuta mita 1 nyuma yake, ukuta hupata robo tu ya mwanga unaoangukia uso, na weupe wake hutoka kijivu. Mteja na taa wakisogea mbele hadi ukuta uwe mita 3 nyuma, kijivu hicho huingia giza. Ndiyo maana nasema mpiga picha wa Maili Moja, Kibaha, au wa Kisarawe mjini, anayepanga kununua pazia la tano, atafaidika zaidi na taa ya pili, itakayoupa ukuta huo rangi. Capital Art Studio ya Ranchhod Oza, iliyofunguliwa Zanzibar mwaka 1930, ilianza enzi ya picha nyeusi na nyeupe, ambamo pazia jekundu na la kijani yaliweza kutoka kijivu kilekile. Kilichomtenga mtu na ukuta kilikuwa kiasi cha mwanga.

Taa hiyo ya pili ielekezwe ukutani, ikiwa imewekewa karatasi ya plastiki ya rangi inayostahimili joto. Wengi hudhani ukuta mweupe ndio utakaopokea rangi vizuri. Sivyo. Mwanga wa taa ya usoni humwagikia ukutani pia, na ukuta mweupe huurudisha karibu wote, hivyo bluu hufifia kama chai iliyozidiwa maziwa. Ukuta wa kijivu humeza sehemu kubwa ya mwanga huo wa ziada. Ukiongeza nguvu ya taa ya rangi, bluu hutoka imekolea. Rangi ya ukutani iwe isiyong'aa, ili isiache doa la taa. Kaolini, udongo mweupe unaopatikana kwa wingi milima ya Pugu wilayani Kisarawe, ni mojawapo ya vitu vinavyotumika duniani kutengeneza rangi za namna hiyo.

Pingamizi la haki ni kwamba fremu nyingi za biashara ni finyu, mita 3 za nyuma hazipo. Basi taa isogezwe hadi nusu mita kutoka usoni: ukuta ulio mita 1 nyuma ya mteja utapata takribani sehemu 1 ya 9, mradi kuta za pembeni zifunikwe kitambaa cheusi zisirudishe mwanga. Wengine watasema simu siku hizi hubadili rangi ya nyuma kwa sekunde chache. Hubadili, lakini hukosea kwenye nywele za kipilipili, ambazo kingo zake ni nyuzi nyembamba zinazopitisha mwanga, na haiondoi vizuri rangi ya pazia la zamani iliyokwisha kuakisiwa mabegani. Pale ninapokubali kushindwa ni kwenye picha ndogo za fomu za shule na ofisi. Hizo zinataka bluu iliyo sawa kila kona, bila kivuli, na pazia huitoa kwa haraka zaidi kuliko taa yoyote.