Mutarule: uchunguzi juu ya shule uanzie maktabani

Mwanafunzi wa ualimu anayetaka kujua kwa nini watoto wa Mutarule, katika bonde la Ruzizi, huacha shule, asikimbilie kuuliza wazazi maswali. Aanze kwenye maktaba ya ISP Bukavu, chuo chenye CERUKI, kituo cha uchunguzi juu ya Kivu. Kila kazi anayosoma aiandikie fishi: mwandishi, mwaka, ukurasa, na swali lililobaki bila jibu. La sivyo atalaumu umaskini peke yake. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, watu wasiopungua 30 waliuawa Mutarule. Septemba 2019 serikali ikaanza kutoa elimu ya msingi bila malipo. Nani hakurudi darasani? Hilo limo katika madaftari ya shule. Amwombe direkta mapema, mchwa hawangoji.