Kutoa ni Moyo: Mapambo ya Kujitengenezea kwa Karatasi

Wahenga walinena kwamba mkono mtupu haulambwi. Lakini wahenga hao hao ndio waliosema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Mwaka juzi mimi niliishika ile methali ya kwanza nikaisahau hii ya pili, na jambo hilo liliniletea aibu ambayo leo naitoa hadharani ili iwafae wenzangu.

Ilikuwa hivi. Kila mwaka Chama chetu cha Kiswahili huwaandalia dada zetu wa kidato cha nne karamu ya kuwaaga. Siku hizo desturi ilikuwa kila mwanachama anunue zawadi ya kumpa mmoja wao. Jioni ya karamu wenzangu walijitokeza na vikombe vya maua, fremu za picha na kalamu zilizolala katika visanduku kama bibi arusi. Mimi nilijifunika blanketi gubigubi bwenini, nikamwambia kiranja kuwa kichwa kinaniuma. Kichwa chenyewe kilikuwa kizima kabisa! Kilichouma ni mfuko. Dada aliyenifunza kutunga shairi langu la kwanza, kuhesabu mizani na kupanga vina, akaondoka asubuhi yake bila hata kuagana nami. Baadaye nikaja kujua kwamba usiku ule bweni letu lilikuwa na "wagonjwa" wanne, na wote ugonjwa wao ulikuwa mmoja.

Mwaka uliofuata tulilileta neno hilo mbele ya mkutano wa chama. Ikaamuliwa kwamba zawadi zote zitengenezwe kwa mikono yetu, sote pamoja. Ndipo tulipojifunza kutengeneza shanga za karatasi. Mpenzi msomaji, keti vizuri nikueleze namna ya kuzitengeneza, pamoja na makosa tuliyoyafanya ili wewe usiyarudie.

Mapambo hayakuzaliwa dukani

Baadhi yetu hudhani pambo ni lile lililotoka dukani likiwa na karatasi ya bei. La hasha! Katika pango la Panga ya Saidi, kule Kilifi, wachunguzi wa mambo ya kale wamepata ushanga wa kombe la baharini wenye umri wa zaidi ya miaka 60,000. Katika pango hilo hilo zimepatikana pia shanga za maganda ya mayai ya mbuni. Waliozitengeneza walitumia kilichokuwa karibu nao.

Karibu na siku zetu, mwaka 1975, karakana ya Kazuri ilianzishwa huko Karen, Nairobi. Ilianza na wanawake wawili tu wakifinyanga shanga za udongo, na kazi yao ikaja kujulikana hata ng'ambo. Nako Kampala, akina mama wengi waliokimbia vita vya kaskazini mwa Uganda walijipatia riziki kwa kukunja shanga za karatasi kuukuu. Basi tusiidharau karatasi.

Vifaa

Unahitaji karatasi, rula, penseli, makasi, gundi nyeupe, vanishi isiyo na rangi na uzi wa nailoni. Kwa kukunjia, tafuta spoki ya baiskeli au kijiti cha kuchokolea meno. Karatasi bora ni ya kalenda ya mwaka uliokwisha, au majalada ya majarida yanayong'aa. Karatasi ya gazeti la kawaida haifai sana. Ni nyepesi, hulegea ikipata gundi na wino wake huchafua vidole. Ukikosa vanishi, rangi ya kucha ile isiyo na rangi yatosha kwa kazi ndogo.

Kukata

Chukua karatasi ya ukubwa wa A4, yaani urefu wa sentimita 30 hivi. Katika ukingo mfupi wa juu tia alama kila baada ya sentimita 2: 0, 2, 4, hadi 20. Katika ukingo wa chini anza kwenye sentimita 1, kisha 3, 5, hadi 19. Sasa unganisha alama kwa mistari ya kupanda na kushuka, kama meno ya msumeno. Ukikata utapata pembetatu 19 nyembamba na ndefu. Vile vipande viwili vya pembeni viweke kando.

Hapa pana hesabu inayofaa kukumbukwa. Upana wa kitako cha pembetatu ndio urefu wa ushanga. Urefu wa pembetatu ndio unene wake. Ukitaka ushanga mfupi, punguza kitako. Ukitaka ulionenepa katikati, refusha pembetatu. Nani alisema hisabati haina kazi?

Kukunja

Weka pembetatu juu ya meza, upande wa rangi ukiangalia chini. Anza kuizungusha kwenye spoki kutoka kwenye kitako, si kwenye ncha. Mzunguko wa kwanza usitie gundi, la sivyo ushanga utagandamana na spoki na utalia. Baada ya hapo paka gundi kidogo, endelea kuzungusha ukiikaza, na uhakikishe kwamba ncha inabaki katikati. Ikienda upande, fungua uanze tena kabla gundi haijakauka. Ukifika mwisho, bana ncha kwa kidole kwa muda mfupi, kisha uchomoe ushanga polepole.

Shanga tano za kwanza zitakuwa mbaya. Usife moyo! Zangu zilifanana na sigara zilizokanyagwa. Kufikia ya kumi, vidole vitakuwa vimeshaelewa.

Kosa letu kubwa

Haraka haraka haina baraka. Sisi tulikunja Jumamosi adhuhuri, na jioni hiyo hiyo tukawa tumeshatunga bangili ya kwanza kwa uzi wa lastiki. Ilipendeza ajabu! Mwenzetu mmoja akaivaa kwa majivuno, na kesho yake akaenda nayo kufua nguo. Loo! Shanga zilifunguka moja baada ya nyingine ndani ya beseni, zikabaki karatasi zinazoelea. Wengine walicheka hadi wakashika mbavu, lakini mwenye bangili alikuwa karibu kulia.

Tulichokosa ni mambo mawili: subira na vanishi. Shanga ziache zikauke usiku mzima. Kisha chomeka kila moja kwenye kijiti, na vijiti uvichomeke kwenye nusu ya kiazi ili shanga zisigusane. Paka vanishi, acha ikauke, paka tena, na mara ya tatu. Vanishi hufunga karatasi isiingiwe na jasho wala matone ya mvua, ingawa hata hivyo pambo hili si la kuogea. Kazi hii ifanyiwe nje penye hewa, mbali na moto, wala si bwenini, kwa sababu harufu yake ni kali na vanishi nyingi hushika moto upesi.

Kutunga

Mkufu wa sentimita 50 hutosha watu wengi. Tumia shanga za karatasi 20, na kati yake utie vishanga vidogo vya kioo vya kutenganisha. Funga mafundo mawili, tia tone la gundi juu ya fundo, kisha ulifiche ndani ya ushanga wa jirani. Bangili huhitaji shanga 9 hivi na uzi wa lastiki. Kwa herini, chagua shanga mbili zinazolingana na utumie ndoano za herini zilizokatika, baada ya kuzisafisha vizuri. Waya uliookotwa usitiwe sikioni kamwe. Tena msidhani hii ni kazi ya wasichana tu. Kaka yangu nyumbani nimemtengenezea shanga tatu za kuning'iniza kwenye funguo, na hazimtoki.

Wengine hupenda kuchanganya na mbegu za porini. Ni vizuri, lakini jihadhari na zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi za mturituri. Zina sumu kali zikitobolewa au kutafunwa. Ziache huko huko porini, hasa kama nyumbani kuna watoto wadogo.

Siri ya ndani

Sasa nifichue jambo lililonifurahisha kuliko yote. Kile kitako cha pembetatu hufichika katikati ya ushanga, na nyuma ya kalenda aghalabu ni peupe. Kabla ya kukunja, unaweza kuandika hapo maneno kwa penseli, kwani wino huvuja ukipata gundi. Kanga husema mbele za watu. Ushanga huu husema kimoyomoyo. Sisi tuliandika jambo moja jema ambalo kila anayeondoka alitutendea: "Ulinigawia sabuni." "Ulinisubiri mbioni." Tukampa mkufu, tukamwambia kuna maneno ndani. Maneno yenyewe hatukumwambia.

Gharama na matokeo

Waliokuwa wakiondoka walikuwa 12, hivyo tulihitaji shanga 240. Wanachama 24 tulikunja shanga 10 kila mmoja. Fedha ziliingizwa katika mkebe uliofungwa, kila mtu akitia alichonacho bila jina lake kuandikwa, na asiyekuwa na kitu alileta kalenda. Gundi, vanishi, uzi na vishanga vya kioo vilitugharimu shilingi 720, yaani shilingi 60 kwa kila mkufu. Jioni ya karamu hapakuwa na mgonjwa hata mmoja bwenini.

Nawakumbusha tu kwamba mkufu hauvaliwi na sare ya shule. Mwalimu wa zamu hana mchezo, nasi hatutaki kazi yetu ilale katika droo ya ofisi. Ni pambo la likizo, la arusi na la kumpa umpendaye.

Mimi nilikunja shanga nyingine 20 kwa siri wakati wa likizo. Nilimpelekea yule dada wa mashairi kupitia kwa jirani yao, na ndani ya ushanga wa kwanza niliandika ukweli kuhusu jioni ile. Nilimwomba jirani amwambie aufungue huo mmoja. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, kwenye kipande cha karatasi kilichokatwa pembetatu. Aliandika kwamba kikombe hakukihitaji, alikuwa akinitafuta mimi ukumbini. Mwishoni akauliza, "Je, kichwa kimepona?"

Kimepona, dada. Nanyi wenzangu, kabla hamjatupa kalenda ya mwaka huu, nileteeni.