Mali ya Mgeni na Bustani ya Wote

Mkulima wa Ruiru au karani wa Thika aendaye Nairobi kwa shughuli zake, akichoka, huweza kuketi kivulini katika bustani ya Jeevanjee. Haulizwi kabila wala dini. Lakini ni wachache wajiulizao bustani ile ilitoka wapi.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa Karachi mwaka 1856, akaja Mombasa mwaka 1890. Alitajirika kwa kuleta vibarua na vyakula vya wajenzi wa reli, ile ambayo tawi lake lilipita Ruiru na kufika Thika mwaka 1913. Mwaka 1906 aliupa mji wa Nairobi bustani hiyo, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria iliyogharimiwa naye.

Desturi hii ya mfanya biashara mgeni kutoa mali kwa ajili ya sanaa ni ya zamani. Katika karne ya 15, Waitalia wengi walifanya biashara Bruges, mji ulio Ubelgiji. Mmoja wao, Tommaso Portinari, alimwajiri Hugo van der Goes achore picha ya kuzaliwa kwa Yesu. Mwaka 1483 picha hiyo ilifika kwao Florence, ikachukuliwa na wapagazi 16 hadi kanisa la hospitali iliyoanzishwa na mzee wa ukoo wake. Ndani yake wamo wachungaji wenye mikono migumu na nyuso za watu wa shamba hasa. Wachoraji wa Florence walistaajabu, na mwaka 1485 Domenico Ghirlandaio akawaiga wachungaji hao katika picha yake. Portinari mwenyewe alifilisika, akafa mwaka 1501. Picha yake ingaliko.

Thika nayo ilikuwa na matajiri wa namna hiyo. Meghji Pethraj Shah alikuja Kenya mwaka 1919 akiwa kijana, na baadaye yeye na wenzake wakatajirika kwa kiwanda cha magome ya miwati hapo Thika. Magome mengi yalitoka katika mashamba ya Waafrika. Sehemu ya utajiri huo ilirudi kwa watu, na hospitali moja ya Nairobi ina jina lake.

Basi yafaa tukumbuke jambo moja. Tajiri hutoa, lakini watumiaji ndio walinzi. Mwaka 1991 palikuwa na shauri la kujenga majumba katika bustani ya Jeevanjee. Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama pamoja na wananchi wakapinga, na bustani ikabaki.

Leo wenye mali wa Thika na Ruiru si wageni tu. Wamo pia wana wa wakulima wale waliouza magome. Nao wataacha nini ambacho kila mpita njia aweza kukiona na kukifurahia? Tena sisi, tukipewa, tutakilinda? Kitunze kidumu, wahenga walisema.